Mstari Mfupi wa Mzee wa Mizinga

Kuna lawama moja ambayo imenikasirisha tangu ujana wangu, na mpaka leo nikiisikia sokoni huinua mguu kutoka kwenye cherehani nikasikiliza hadi mwisho. Mtu aliyezoea kusimama na upande mmoja maisha yake yote, akichoshwa na kiongozi aliyemwamini akasema safari hii atasimama na mtu wa tatu, huambiwa: "Wewe unatugawanya. Unamkabidhi adui ushindi." Husemwa kana kwamba kura yake ilikuwa mali ya kiongozi yule tangu mwanzo, na yeye ni mwizi kwa kuipeleka kwingine. Lawama hiyo alibebeshwa baba yangu. Sasa nimefikia umri aliokuwa nao wakati ule, na nadhani nimeipima vya kutosha niweze kuandika ninachokiona.

Kwetu ni kwenye miteremko ya Mbooni, juu ya soko la Kikima. Wakati wa mambo haya Vita vya Pili vya Dunia vilikuwa vimekwisha miaka michache nyuma. Nilikuwa nimeoa karibuni, na nilishona nguo kwenye baraza la duka moja hapo sokoni. Shuleni sikukaa sana. Kusoma nilijifundisha kwa vipande vya magazeti ya zamani vilivyofungiwa sukari, na kwa kuwa kipande cha gazeti hakina mwanzo wala mwisho, nilizoea kujiuliza ni nini kilitangulia na ni nini kilifuata.

Baba alikuwa mtu wa kushikilia. Alishikilia kanisa, alishikilia ukoo, alishikilia amri ya chifu. Kabla ya vita, serikali ya wakoloni ilipochukua ng'ombe wetu ikisema ni wengi kuliko nyasi, na watu wakaenda kwa miguu kulalamika, yeye alibaki nyumbani. "Kwanza utii, kisha useme," alisema. Alichekwa kwa maneno hayo miaka mingi, hasa na wale waliokwenda, lakini hakuyabadilisha. Na kila ulipofika uchaguzi wa baraza la wilaya, alisimama nyuma ya mtu yule yule. Huyo alikuwa diwani wetu, mzee wa kanisa kama yeye, na ahadi yake ilikuwa moja: weu hautaguswa.

Weu ni mbuga iliyo chini ya vilima, ambako koo zetu zililisha ng'ombe wakati wa kiangazi. Haukuwa na mwenyewe, na ndiyo maana ulikuwa wetu sote. Aliyeshindana na Diwani alikuwa askari aliyerudi kutoka Burma akanunua lori. Yeye alitaka weu ukatwe vipande, kila mwenye uwezo achukue chake na kukizungushia ua. Wazee kama baba aliwaita "watu wa ngozi", ingawa baba alikuwa na suti aliyoivaa kila Jumapili, tena niliyoishona mimi. Basi watu wa kushikilia walikuwa na sababu nzuri ya kumtaka Diwani, na sababu nzuri ya kumwogopa mtu wa lori. Hilo lisisahaulike, kwa maana mambo yote yaliyofuata yalijengwa juu ya woga huo.

Kisha ikatoka amri kwamba weu ufungwe, nyasi zipate kupumzika. Diwani mwenyewe alikuja kutueleza kanisani baada ya ibada. Baba alikubali hata kabla hajamaliza. "Ardhi nayo ina Jumapili yake," alisema, na watu wakaona ni maneno mema. Mwethya wetu, yaani kikundi cha kazi cha majirani wanaolimiana mashamba kwa zamu, ndio ulioteremka kupanda ua wa mkonge kuuzunguka weu. Mama alikuwa mmoja wao. Alirudi mikono imechomwa na miiba, na hakunung'unika.

Ng'ombe wetu baba aliwapeleka ng'ambo ya mto Athi, Kanyangi, upande wa Kitui, kwa ndugu yake mama. Mjomba huyo alikuwa mtu wa mzaha.

"Shemeji," alimwambia baba, "nyinyi watu wa Mbooni mna mvua, mna ndizi, mna kanisa la mawe, na bado mnakuja kuomba nyasi jangwani?"

"Ni kwa muda tu," baba alisema. "Weu unapumzika."

"Aa. Umechoka kufanya nini?"

Mvua zilipokwisha, baba aliteremka kuona jinsi nyasi zilivyoota. Zilikuwa zimefika magotini, na ndani yake walikuwamo fahali wa Diwani. Hakuna aliyehitaji kumwambia ni wa nani. Kwetu kila ukoo una mkato wake wa masikio ya ng'ombe, na baba aliijua mikato hiyo kama mimi ninavyojua mishono. Alisimama nje ya mkonge uliopandwa na mkewe, akawaangalia. Kisha akarudi nyumbani, na siku ile hakula.

Uchaguzi ulipokaribia, Diwani alikuja kwenye baraza langu na koti lake mkononi. Baba alikuwa ameketi juu ya gunia la maharagwe, na watu wa sokoni walikuwa wamejaa kama kawaida.

"Fungua hapa kwapani, mwanangu," Diwani aliniambia. "Linanibana."

"Koti halikubani," baba alisema bila kumwangalia. "Ni nyasi zinakubana."

Watu walicheka. Diwani naye akacheka kidogo, kwa kuwa alikuwa mwanasiasa.

"Mzee mwenzangu, zamani ulikuwa unanisalimia kwanza."

"Nilikuja weuni kukusalimia. Sikukukuta, nikasalimia fahali zako. Hazikuitikia, midomo imejaa."

"Hao ni ng'ombe wa mfano," Diwani alisema. "Ni mambo ya ufugaji bora. Watu waone wajifunze."

"Tumeona," baba alisema. "Tumejifunza."

Diwani akaacha kucheka. Akavuta kigoda, akaketi karibu na baba, akapunguza sauti, ingawa mimi nilisikia kila neno kwa sababu nilikuwa nimeshika koti lake.

"Najua yule mzee wa mizinga ya nyuki anataka kusimama. Najua pia unamsikiliza. Fikiri vizuri. Huyo hawezi kushinda, hata yeye anajua. Ukisimama nyuma yake, umesimama nyuma ya mtu wa lori. Mimi, hata nikikosea, ni mtu wenu. Usiponifuata mimi, utaenda wapi?"

Sijaisahau sauti ya swali hilo. Alilisema kwa upole, na upole huo ndio ulioniudhi. Halikuwa swali. Yalikuwa maneno ambayo mtu humwambia ng'ombe aliyekwisha ingia zizini, huku anasukuma mlango. Alikuwa ametuangalia sisi wote, watu wa kanisa, watu wa ukoo, watu wa utii, akaona kwamba utii wetu umemwondolea haja ya kuutunza.

Mzee wa mizinga, lazima niseme kweli, hakuwa mtu wa kupendeza. Alichonga mizinga ya nyuki na kuitundika kwenye miti ya weu, na tangu ua ulipopandwa hakuruhusiwa kuingia kuvuna asali yake mwenyewe. Hiyo ndiyo iliyokuwa sababu yake. Alikuwa mkali, mchoyo wa maneno mema, na yeye na baba walikuwa wamegombania mti mmoja wa mpakani tangu kabla sijazaliwa. Hotuba yake ilikuwa fupi: weu ufunguliwe kwa wote au ufungwe kwa wote. Mtu wa lori alimwita "mheshimiwa wa nyuki", akawauliza watu kama wanataka kuongozwa na mtu anayenuka moshi.

Nilimuuliza baba kama kweli anampenda mtu yule.

"Nani amesema nampenda?" alijibu. "Nimesema anasema kile tulichokuwa tunasema sisi. Yule mwingine ameacha kukisema."

Ndipo alipokuja kiongozi wa mwethya. Alikuwa jirani yetu wa chini. Shamba lake lilianza pale letu lilipoishia, kwenye mteremko huo huo. Wakati ule kila mwenye shamba mteremkoni alitakiwa kuchimba mitaro ya kuzuia udongo kabla ya mvua. Hiyo ni kazi ambayo mtu hawezi peke yake, kwa sababu udongo wetu ukikauka ni kama tofali. Mwethya ulikuwa unatoka shamba hadi shamba, na zamu iliyofuata ilikuwa yetu. Baba alikuwa na maumivu ya mgongo. Bila mwethya mtaro usingechimbwa, na bila mtaro mvua ingeshuka na shamba.

Kiongozi alikunywa uji wa mama, akausifu, kisha akasema, "Mwethya yetu inaenda na Diwani. Sisi ni kitu kimoja. Mtu akitoka kwa mstari huko uwanjani, ametoka kwa mstari wa jembe pia. Si mimi nasema. Ni watu."

"Watu gani?" mama aliuliza. "Mimi ni mtu wa mwethya. Sikuulizwa."

"Mama Fundi, haya ni mambo ya kura."

"Kura mnapiga nyinyi. Jembe nashika mimi. Sasa unataka kuninyang'anya jembe kwa sababu ya miguu ya mzee wangu?"

Kiongozi aliinuka akaaga. Alipokwenda, mama alimgeukia baba. "Unaona mtaro?"

"Naona."

"Unaona mgongo wako?"

"Naona."

"Basi mimi sisemi kitu," mama alisema, lakini alisema mengi mpaka moto ukazimika.

Siku hizo hatukuwa na karatasi wala sanduku. Wagombea walisimama uwanjani mbali mbali, na kila mlipa kodi akaenda kusimama nyuma ya mtu wake. Bwana Shauri, yaani ofisa wa serikali wa wilaya, alipita akihesabu kwa kugusa vichwa na fimbo. Njia hiyo ina ubaya wake unaojulikana: kila mtu anakuona. Lakini ubaya ulioonekana kwetu siku ile ulikuwa mwingine, na sidhani ungetokea mahali pengine popote.

Kiongozi wa mwethya alikuja na filimbi yake. Sijui kama alikusudia au ni mazoea tu. Aliipuliza kama alivyoipuliza kila asubuhi ya kazi, na wanaume wa mwethya, waliokuwa wametawanyika wakizungumza, walijipanga mara moja kwa utaratibu wao wa shambani, kila mtu nyuma ya yule ambaye humfuata siku ya kuchimba. Hakuna aliyewaamuru. Kwetu mtu akisikia filimbi ile akiwa ndani ya mwethya, hafikiri. Na kuacha mstari kabla kiongozi hajaweka jembe chini ni aibu ambayo watoto wako watatajiwa. Kisha kiongozi akatembea hadi nyuma ya Diwani, na mstari wote ukamfuata kama uzi unavyofuata sindano. Vikundi vingine vilipoona, navyo vikafanya hivyo hivyo. Wapo watu ambao niliwasikia kwa masikio yangu wakimlaani Diwani kwenye baraza langu wiki nzima. Niliwaona wamesimama nyuma yake, wanaangalia chini, kama watu waliokuja kulima na kukuta wamesahau jembe.

Baba alikuwa ndani ya mstari huo, nami nyuma yake. Tulitembea hatua kadhaa. Kisha akatoka. Aligeuka upande wa kushoto akaanza kuvuka uwanja akiwa ameshika mgongo, nami nikamfuata. Uwanja ule mdogo wa Kikima ulikuwa mrefu siku hiyo.

"Watu wa nyuki hao!" mmoja wa wafuasi wa mtu wa lori alipiga kelele. "Mzee, angalia wasikuume!"

Kutoka mstari wa Diwani sauti nyingine ilisema kwa uchungu zaidi kuliko ile: "Msaliti!" Nimeikumbuka kwa sababu ilitoka kwa mtu aliyekaa benchi moja na baba kanisani.

Mzee wa mizinga hakugeuka tulipofika nyuma ya watu wake.

"Nani huyo?" aliuliza.

"Ni mimi," baba alisema.

"Yule wa mti wa mpaka?"

"Yule yule. Na mti ni wangu."

"Simama basi," mzee wa mizinga alisema. "Lakini mti ni wangu."

Wengine wachache walivuka baada yetu. Mstari wetu ulikuwa mfupi hata ukaonekana kama watu wanaongoja maji. Lakini fimbo ilipomaliza kugusa vichwa, mtu wa lori alikuwa amemzidi Diwani, na idadi aliyomzidi ilikuwa ndogo kuliko idadi yetu.

Hapo ndipo lawama ilipozaliwa. Sitaficha upande wake ulio sawa. Kwa hesabu tupu, walisema kweli: kama sisi tungebaki mahali petu, Diwani angeshinda. Nimejaribu kuipindua hesabu hiyo mara nyingi, haipinduki. Lakini hesabu inaanza wapi? Wao waliianzia kwa miguu ya baba kuvuka uwanja. Kwa nini hawakuianzia kwa miguu ya fahali kuvuka mkonge? Aliyewagawanya watu wa kushikilia ni yule aliyeshika kilicho chao akakila, na sisi tulikuja baadaye tu, kuonyesha mahali palipopasuka. Na hao wenye hasira, hasira yao ilikuwa wapi nyasi zilipoliwa? Walikuwa nayo, niliisikia kwenye baraza langu. Walichofanya ni kuiweka akiba, kisha wakaitumia kwa jirani aliye dhaifu kuliko Diwani.

Tena tulitishwa kwamba mtu wa lori akishinda weu utakwisha. Sasa alishinda. Alifanya nini? Weu haukukatwa vipande. Ua ulibaki pale pale ulipokuwa, na kabla ya mwaka kwisha baba aliteremka tena akachungulia kwenye mkonge, akaona masikio ya mkato mwingine kati ya yale ya kwanza. Fahali wa mtu wa lori walikuwa wameingia kwa amani, wanakula pamoja na fahali wa Diwani, ambao hakuna aliyewatoa. Hayo ndiyo maangamizi tuliyotakiwa kuyaepuka kwa kunyamaza. Miaka ilipopita Diwani akataka kusimama tena, alikuja nyumbani kwetu kwa mara ya kwanza maishani mwake, akamuuliza baba anataka nini. Angalau swali lilikuwa limebadilika. Baba alimwambia, "Toa fahali." Hakuwatoa, na baba hakusimama nyuma yake.

Lakini mwaka ule wa uchaguzi, gharama tuliyolipa ilikuwa mtaro. Zamu yetu ilifika, filimbi ikapita nyumbani kwetu ikaenda shamba lililofuata. Mama alisimama mlangoni na jembe lake akawasikia wanawake wenzake wakiimba upande wa pili wa kijito, nyimbo ambazo yeye ndiye aliyekuwa akizianzisha. Alilia kwa hasira. Watu wa mstari mfupi walikuja kusaidia siku moja, lakini walikuwa wachache na kila mmoja alikuwa na mteremko wake. Mzee wa mizinga alichimba kipande kidogo karibu na mti wa mpaka, akajibizana na baba, akaenda zake. Mimi na mke wangu tulichimba tulichoweza. Mvua ilitukuta hatujafika hata katikati.

Ilinyesha kama inavyonyesha Mbooni ikikasirika. Asubuhi tulikuta sehemu ya juu ya shamba imebaki mwamba na mahindi yetu machanga hayapo. Hatukuhitaji kuuliza yamekwenda wapi. Maji hayajui mwethya. Yalikuwa yamechukua udongo wetu na mbegu zetu na kuzishusha moja kwa moja hadi kwa jirani wa chini, yakafunika nduma zake, viazi vyake, na mtaro wake mzuri uliochimbwa na watu wote, ambao ulijaa ukawa sawa na ardhi.

Jirani huyo, kiongozi wa mwethya, alikuja tukiwa bado tumesimama pale, matope yakiwa yamempanda hadi mapajani. Alimwendea baba.

"Mzee, hii maji itakuja tena. Nitaleta watu kesho. Tuchimbe huu mtaro wa hapa chini, hapa mpakani, tuizuie."

Niliona maneno yanamjia baba na anayakataa moja moja. Mwishowe akasema, "Muulize mwenye jembe."

Kiongozi alimgeukia mama. Ilionekana wazi hajawahi kufikiria kwamba angefika hapo.

"Mama Fundi, tumekosana kidogo tu..."

"Sisi hatukukosana," mama alisema. "Mlipita na filimbi mkiimba. Nilisikia vizuri, sauti ya pili ilikuwa mbaya."

"Basi tuseme kesho. Huu wa chini."

"Hapana," mama alisema. "Mtaanza juu."

"Juu kule ni mwamba mtupu sasa."

"Ndiyo. Mtaanza kule, mahali mtu akisimama haoni shamba lako. Mteremke pole pole. Huu wa mpakani utakuwa wa mwisho. Na mzee wangu atasimama na anayemtaka siku ingine, hata kama ni nyani, na filimbi itafika hapa nyumbani."

Mtu yule alitazama kilima, akatazama nduma zake, akatazama mawingu yaliyokuwa yakirudi upande wa mashariki.

Kesho yake filimbi ililia asubuhi mapema. Mama alitoka na jembe, akawapita wote pamoja na kiongozi wao, akapanda hadi juu kwenye mwamba, na huko ndiko alikoanzisha wimbo.